Kubadili prosesa ya kompyuta ya zamani: Yafahamu haya kabla ya kufungua kasha

Na Mwandishi Wetu

KOMPYUTA ya mezani iliyonunuliwa mtumba miaka kadhaa iliyopita, ikawekwa steshenari au sebuleni kwa ajili ya watoto wa shule, hufikia siku ambayo mwenyewe huiwasha kisha akaenda kunywa chai akiisubiri. Akirudi huikuta bado inahangaika. Fundi wa mtaani akiitwa, kwa kawaida hutoa kauli moja kati ya mbili: nunua nyingine, au badili prosesa.

Kauli ya pili ina ukweli ndani yake. Prosesa, yaani ile chipu inayofanya hesabu zote za kompyuta, haikuchomelewa kwa lehemu katika kompyuta nyingi za mezani. Imekaa kwenye soketi, hutoka na kurudishwa kwa mkono, na kazi yenyewe yaweza kufanywa na mtu asiye fundi kwa muda wa saa moja hivi akiwa na utulivu. Tatizo ni kwamba katika kazi hii fedha nyingi hupotea kabla bisibisi haijaguswa, pale mtu anaponunua chipu isiyokubaliana na mashine yake.

Makala haya yanaeleza namna ya kuepuka hasara hiyo na namna ya kuifanya kazi yenyewe. Mfano utakaotumika ni Dell OptiPlex 7010 ya mwaka 2012, aina ya kompyuta iliyonunuliwa kwa wingi na maofisi na ambayo sasa hupatikana kwenye maduka ya mitumba. Msomaji asiichanganye na nyingine: mwaka 2023 Dell ilirudia jina hilohilo kwa kompyuta mpya kabisa isiyohusiana na hii.

Je, prosesa ndiyo yenye kosa?

Kabla ya kutoa hata shilingi moja, ipime mashine. Katika Windows 10, bonyeza kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc, kisha fungua sehemu yenye grafu. Endelea na kazi zako za kila siku huku ukiitazama. Kuna mistari mitatu ya kuangalia: wa prosesa, wa RAM na wa diski.

Kama diski imepanda hadi asilimia 100 wakati prosesa iko asilimia 15 au 20, prosesa haina hatia. Anayeichelewesha mashine ni diski ya zamani inayozunguka, na dawa yake ni diski ya SSD. Kama RAM imejaa hadi ukingoni, ongeza RAM. OptiPlex 7010 hutumia RAM ya aina ya DDR3, ambayo bado hupatikana kwa mitumba. Ni pale tu mstari wa prosesa unapoganda karibu na asilimia 100 wakati wa kuhariri video, kufungua kurasa nyingi za intaneti kwa pamoja au kubadilisha mafaili makubwa ndipo hoja ya kubadili prosesa inapopata nguvu. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, mashine yenye diski ya kuzunguka na RAM ya gigabaiti 4 haistahili prosesa nyingine mpaka vitu hivyo viwili virekebishwe kwanza.

Lipo na jambo jingine la kupimwa mapema. Kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma za kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11, ukiacha chipu chache za kizazi cha saba, inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha nane au zaidi, na kizazi hicho kilianza kuuzwa mwaka 2017. Hakuna prosesa yoyote inayoingia kwenye OptiPlex 7010 ya mwaka 2012 inayofikia sharti hilo. Anayebadili prosesa kwa matumaini kwamba baada ya hapo atapata Windows 11 kwa njia rasmi anajidanganya. Bora aiweke akiba fedha hiyo hadi apate mashine ya miaka ya karibuni. Lakini kwa aliyekubali kutumia Linux, kwa mfano Ubuntu au Linux Mint, au kwa mashine ya kuchapa na kuhariri isiyounganishwa na intaneti, mabadiliko haya bado yana faida ya kweli.

Kusoma namba

Prosesa za Intel za familia ya Core za miaka ile huandikwa jina na namba mgongoni, mfano i5-3470. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo inayotaja kizazi. Namba inayoanza na 2, kama i3-2120, ni ya kizazi cha pili, kilichotoka mwanzoni mwa mwaka 2011. Inayoanza na 3 ni ya kizazi cha tatu, kilichotoka Aprili 2012. Vizazi hivyo viwili hukaa kwenye soketi iitwayo LGA 1155, namba hiyo ikiwa ni idadi ya pini zake. Kizazi cha nne, cha mwaka 2013, kilikuja na soketi yake ya LGA 1150, na hapo hakuna kubadilishana: chipu ya soketi moja haiingii kwenye nyingine.

OptiPlex 7010 nyingi ziliuzwa zikiwa na i3-3220. Chipu hiyo ina viini viwili, kasi ya gigahezi 3.3, na imekadiriwa wati 55. Chipu inayofaa kuchukua nafasi yake ni i5-3470, yenye viini vinne, kasi ya gigahezi 3.2 inayoweza kupanda hadi 3.6, na wati 77. Mnunuzi anayetazama kasi peke yake huona kwamba 3.2 ni ndogo kuliko 3.3 na kudhani anapunjwa. Sivyo. Viini vinne ni sawa na mafundi wanne kwenye kazi moja badala ya wawili, na kwa kazi nzito inayoweza kugawanywa tofauti yake huonekana wazi. Juu ya hapo ipo i7-3770, yenye viini vinne vinavyoweza kushughulikia mikondo minane ya kazi kwa pamoja, kasi ya gigahezi 3.4 hadi 3.9, na wati zilezile 77. Hiyo ndiyo karibu kilele cha soketi hii, na kwa anayechapa barua na kusikiliza muziki ni kununua lori la kubebea kikapu.

Herufi ya mwisho isipuuzwe, kwani ndipo wengi wanapoumia. Chipu ya i5-3470 na ile ya i5-3470T hufanana majina, lakini hiyo yenye T ni ya viini viwili tu, iliyotengenezwa ili itumie umeme kidogo, wati 35. Nayo i5-3350P haina sehemu ya kutengeneza picha ndani yake. Ukiiweka kwenye kompyuta isiyo na kadi ya picha, skrini itabaki nyeusi na utadhani umeiua mashine. Herufi S, kama katika i5-3470S ya wati 65, haina madhara makubwa, na kwa makasha yale madogo kabisa ambayo hayahimili joto la wati 77 ndiyo ya kutafutwa.

Soketi moja haitoshi

Hapa ndipo mwandishi wa makala haya alipojifunzia kwa fedha yake. Alikuwa na OptiPlex 790, ndugu mkubwa wa 7010, iliyotoka mwaka 2011. Muuzaji wa duka moja la vipuri alimhakikishia kwamba i5-3470 itaingia, "maana soketi ni moja, kaka." Iliingia kweli. Ilikaa vizuri, wenzo ukafungwa, feni ikazunguka, na skrini haikuonyesha kitu. Jioni mbili zilipotea kwa kufungua na kufunga, kuchomoa RAM na kuirudisha, kabla ya kubainika kuwa mashine haikuwa mbovu na wala chipu haikuwa mbovu.

Sababu ni chipseti, yaani chipu nyingine iliyochomelewa kwenye ubao mama, ule ambao mafundi huuita madabodi, na ambayo husimamia mawasiliano kati ya prosesa na vifaa vingine. Ubao wa OptiPlex 790 una chipseti ya Q65. Intel haikuiwezesha chipseti hiyo, pamoja na wenzake Q67 na B65, kupokea prosesa za kizazi cha tatu, ijapokuwa soketi ni ileile. Ubao wa OptiPlex 7010 una chipseti ya Q77, inayopokea kizazi cha pili na cha tatu. Kwa upande wa HP hali ni hiyohiyo: Compaq 6200 Pro na 8200 Elite zina Q65 na Q67, hivyo hukomea kizazi cha pili, wakati 8300 Elite ina Q77.

Kwa hiyo mwenye 790 asitafute i5-3470 bali i5-2400, yenye viini vinne na kasi ya gigahezi 3.1, au i7-2600 akitaka zaidi. Muuzaji yule alikubali kubadilisha, lakini kwa kuongezewa fedha, na siku hiyo hapakuwa na hoja ya kumshinda, kwa kuwa makubaliano ya kurudisha hayakufanywa wakati wa kununua.

Njia rahisi ya kujua chipseti yako ni programu ya bure iitwayo CPU-Z. Huonyesha jina la prosesa iliyomo, soketi, chipseti na toleo la BIOS. Andika vyote kwenye karatasi na uende nayo dukani. Wenye kompyuta za AMD nao wafanye hivyohivyo. Soketi ya AM4, kwa mfano, ilitumika kwa vizazi vingi vya Ryzen tangu mwaka 2017, ila si kila ubao wa AM4 unapokea kila chipu yake.

BIOS na umeme

BIOS ni programu ndogo iliyohifadhiwa kwenye ubao mama, nayo ndiyo ya kwanza kuamka unapowasha kompyuta. Kama iliandikwa kabla ya chipu fulani kutoka kiwandani, haiitambui. Ubao wa chipseti ya H61 uliotengenezwa mwaka 2011, kwa mfano, huenda ukahitaji BIOS mpya ndipo upokee prosesa ya kizazi cha tatu. Kazi hiyo hufanywa prosesa ya zamani ikiwa bado mahali pake, kwa sababu ukishaitoa hutakuwa na njia ya kuiwasha mashine ili uifanye. OptiPlex 7010 ilitengenezwa wakati vizazi vyote viwili vipo sokoni, hivyo mara nyingi haisumbui. Hata hivyo, tovuti ya Dell huonyesha toleo la mwisho la BIOS ukiingiza namba ya huduma iliyobandikwa kwenye kasha.

Onyo moja lisisahaulike. Umeme ukikatika katikati ya kuandika BIOS mpya, ubao mama waweza kufa palepale, na ufufuo wake unahitaji vifaa ambavyo mafundi wachache wanavyo. Kwa miji yetu hilo si jambo la kufikirika tu. Kama huna UPS yenye betri nzima, azima. Kama hukupata wa kukuazima, acha BIOS ilivyo.

Kuifanya kazi

Vifaa ni vichache: bisibisi ya nyota, mrija mdogo wa pesti ya kupitisha joto, alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, kitambaa kisichoacha nyuzi, na taa nzuri. Simu yenye kamera itasaidia, kwani picha ya nyaya kabla ya kugusa kitu huokoa kubahatisha baadaye.

Anza kwa kuiacha kompyuta ikiwaka kwa dakika 10, ili pesti kavu ya zamani ilainike. Izime, chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili kumaliza umeme uliobaki ndani. Ilaze ubavu mezani, si juu ya zulia wala kitandani. Gusa chuma cha kasha kwa mkono mtupu kabla ya kugusa chochote cha ndani, na urudie mara kwa mara. Umeme tuli wa mwilini, ambao mwenyewe huenda usiuhisi, unaweza kuunguza chipu. Hewa nzito ya pwani hupunguza hatari hiyo. Wa Dodoma wakati wa kiangazi awe mwangalifu zaidi.

Utakachokiona katikati ya ubao ni hitisinki, chuma chenye mapezi mengi kilichobeba feni. Chomoa waya wa feni kwenye ubao. Legeza skrubu zake kidogo kidogo kwa kuvuka pembe: moja, kisha iliyo mkabala nayo, halafu nyingine mbili. Hazitoki kabisa, hubaki zimeshikwa na hitisinki yenyewe. Usikivute chuma hicho juu kwa nguvu. Kizungushe kushoto na kulia kwa upole hadi kiachie. Ushauri huu una uzito zaidi kwa AMD za soketi ya AM4 na za kabla yake, ambazo pini ziko kwenye prosesa yenyewe: pesti iliyokauka huweza kuing'oa chipu kutoka kwenye soketi pamoja na hitisinki na kuzipinda pini zake. Na kama mapezi yamejaa vumbi, yasafishe sasa. Wapo ambao wangegundua hapa kwamba mashine ilikuwa nzito kwa sababu ya joto, na kwamba brashi ingetosha.

Kando ya soketi kuna wenzo wa chuma. Ubonyeze chini, usogeze nje, kisha uinue. Fremu inayoishika prosesa itafunguka. Shika prosesa kwa kingo zake mbili na uiinue moja kwa moja, bila kuitelezesha. Sasa unaona pini 1,155 za soketi, laini mno. Hapo ndipo penye hatari kubwa kuliko zote katika kazi hii. Usizipulize kwa mdomo, usizipitishie kitambaa, na usiruhusu kitu kiziangukie. Pini moja ikipinda, ubao wote waweza kukataa kuwaka, na ubao mama ni ghali kuliko chipu unayoiweka.

Prosesa ina vipengo viwili ubavuni na alama ya pembetatu kwenye kona moja, na soketi ina alama zinazolingana navyo. Ilinganishe, ishushe taratibu, iachie. Ikiwa imekaa sawa, haiyumbi wala haihitaji kusukumwa. Ukijikuta unatumia kidole kuikandamiza, itoe uanze upya. Funga fremu na urudishe wenzo. Wenzo huo hudai nguvu kuliko mtu anavyotarajia, na mlio wa kukwaruza hutokea. Kwa mara ya kwanza huogofya, lakini kama chipu ililingana vizuri ni kawaida yake.

Safisha uso wa prosesa na tumbo la hitisinki kwa kitambaa chenye alkoholi hadi ving'ae, uache vikauke. Weka pesti katikati ya prosesa, kiasi cha punje ya choroko. Wanaoanza hupaka kama siagi kwenye mkate, jambo lisilosaidia: kazi ya pesti ni kuziba vijishimo visivyoonekana kati ya vyuma viwili, na tabaka nene huzuia joto badala ya kulipitisha. Shusha hitisinki moja kwa moja, kaza skrubu kwa kuvuka pembe kama ulivyozilegeza, kisha rudisha waya wa feni. Waya huo ndio unaosahaulika kuliko vyote.

Kuwasha

Kabla ya kufunga kasha, unganisha skrini na kibodi, uwashe. Mara ya kwanza mashine yaweza kuchelewa au kujizima na kujiwasha yenyewe. Bonyeza F2 kwa Dell, au F10 kwa HP, uingie kwenye BIOS usome jina la prosesa. Likiwa sahihi, endelea hadi ndani, uipe kazi nzito kwa nusu saa huku ukitazama joto kwa programu ya kupimia. Kwenye chumba chenye joto la Dar es Salaam la mwezi Februari, usitarajie tarakimu unazosoma kwa watu wa Ulaya. Lakini ikikimbilia nyuzi 90 ndani ya dakika chache, izime: ama hitisinki haikukaa sawa, ama karatasi ya kinga haikubanduliwa, ama feni haizunguki.

Skrini ikibaki nyeusi, au taa ya kitufe cha OptiPlex ikiwaka rangi ya machungwa kwa kupepesa, usikimbilie dukani. Chomoa umeme, hakiki kwamba RAM imekaa na nyaya zote zimerudi, kisha rudisha prosesa ya zamani, ambayo kwa sababu hiyo haipaswi kuuzwa wala kugawiwa siku ya kwanza. Mashine ikiwaka kwa chipu ya zamani, kosa liko kwenye chipu mpya au kwenye BIOS. Isipowaka hata hivyo, mulika soketi kwa taa ukitafuta pini iliyoinama tofauti na wenzake. Na muuzaji awe amekubali tangu mwanzo, kwa maandishi kwenye risiti, ni kwa siku ngapi chipu isiyowaka inaweza kurudishwa.